Umepata spora geni shambani? Ngoja kwanza kabla uipe jina

Mtu akiniletea picha kwa simu aseme hii spora (ile mbegu ndogo ya kuvu) ni ya spishi mpya ya kuvu za mizizi, zile zinaishi ndani ya mizizi na kuuletea mmea fosfora, namuuliza kitu kimoja tu, umeitoa kwa nyungu uliyopandia mmea na udongo huo ama umeitoa shambani moja kwa moja? Akisema shambani najua bado sana. Hata mimi ilinichoma hiyo. Nilipata spora moja ya kahawia shamba la mahindi karibu na Luanda ya hapa Vihiga, ukutani ina vishimo vidogo vizuri kama vimechorwa, wiki nzima natembea nikijiona mkubwa, kumbe ni vijidudu vingine vya udongo vilikuwa vimeitafuna. Kwa nyungu ikatoka laini, manjano, spishi ya zamani kabisa.

So anza hivi. Ongea na mwenye shamba vizuri (huku Vihiga ukionekana unafunga udongo kwa karatasi watu wanafikiria umepata dhahabu) na uwe na kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi. Chimba mahindi yakikaribia kukauka, hapo spora ni mingi, sentimita 20 za juu, palepale kwenye mizizi, chukua sehemu kadhaa na uandike GPS na mmea uliokuwa hapo.

Nusu ya huo udongo changanya na mchanga uliopikwa kwa mvuke, nusu kwa nusu, panda mtama, ngoja miezi 4 ama 5. Usitie mbolea ya DAP jameni! Fosfora ikijaa mmea hauna haja na kuvu tena, ndio maana zinapenda udongo wetu mwekundu wenye unaficha fosfora. Mwisho acha maji polepole mpaka nyungu ikauke, spora ziiive.

Kutoa spora ni kazi ya ndoo. Gramu 50 za udongo, maji, koroga, hesabu sekunde chache mchanga ushuke, mwaga yale maji kwa chujio la mikroni 710 lenye limekaa juu ya lile la 45. Kile kimebaki kwa lile dogo tia kwa tyubu yenye maji ya sukari mazito, zungusha kwa sentrifuji, spora zitaelea, na uzioshe haraka kwa sababu sukari inazinyonya maji zinanywea.

Sasa hapa ndio utakaa. Weka spora chache kwa slaidi na gundi ya PVLG, zingine kwa gundi hiyo ikiwa na dawa ya Melzer (ile ya iodini ya kupaka rangi), halafu bonyeza kile kioo cha juu na ncha ya sindano, pole pole, mpaka usikie imekubali kupasuka. Ukuta unafunguka kama kitunguu. Hesabu maganda, angalia ni gani linabanduka, ni gani linageuka jekundu kwa Melzer, na fanya hivyo kwa spora nyingi, changa na zee, sio mbili tatu. Angalia pia ilishikwa wapi: imekaa juu ya uvimbe mdogo wa uzi wa kuvu, hiyo ni jenasi ya Gigaspora ama Scutellospora (ya pili ina kuta za ndani na ngao ya kuotea), imeota ubavuni mwa shingo ya kifuko, Acaulospora, imeshikwa na uzi tu wa kawaida, Glomus na ndugu zake wengi.

DNA nayo, ponda spora moja moja, soma kile kipande cha kama besi 1500 kinachopita ITS yote (sehemu ya DNA inayotumika kutambua kuvu), na usome nakala kadhaa, maana spora moja inabeba nakala ambazo hazifanani.

Ikibaki ni geni kweli, maelezo yanaandikwa kwa Kilatini ama Kiingereza (Kiswahili bado hawajatukubalia), tangu 2013 lazima upate namba ya usajili, kwa mfano kutoka MycoBank, sajili ya majina ya kuvu, na slaidi ya mfano ukaiweke hifadhi ya mimea kama ile ya makumbusho Nairobi. Ile nyungu usimwage, panda mtama mwingine, kuna mtu ataomba spora mbichi.