Namna ya Kupima Mkono wa Serikali katika Safari za Ndege za Mikoani

Anayekata tiketi Dar es Salaam kwenda Songea au Mpanda huiona nauli tu; sehemu ya gharama iliyobebwa na Hazina haiandikwi popote kwenye tiketi. Ukitaka kuifahamu, usianze kwa kusaka neno "ruzuku", kwa kuwa hapa kwetu msaada umekuja zaidi kwa njia ya mali: tangu mwaka 2016 Serikali imenunua ndege na kuzikodisha kwa Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, mbali na fedha zinazojenga viwanja na njia za kurukia.

Soma kwanza hotuba ya bajeti ya Wizara ya Uchukuzi, ukitenganisha fedha za ndege na za viwanja, maana uwanja hutumiwa pia na mashirika binafsi. Kisha fungua ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuhusu mashirika ya umma. Humo utakuta hasara ya ATCL ikipanda kutoka shilingi bilioni 35.24 mwaka 2021/22 hadi bilioni 56.64 mwaka 2022/23. Hapa ndipo wengi hujikwaa, wakaitwika mikoa hasara yote, ilhali baadhi ya ndege aina ya Airbus A220, ambazo ni za masafa marefu zaidi, zilikuwa zimeegeshwa kwa matatizo ya injini.

Kwa hiyo shuka hadi kwenye njia moja. Ndege aina ya Q400 ya shirika hilo ina viti 76. Ikiondoka na abiria 38, mafuta, wahudumu na malipo ya kukodi ndege havipungui kwa nusu, hivyo kila abiria anakuwa amebebeshwa gharama ya viti karibu viwili. Nauli isipopanda, kuna mwingine anayelipia kiti kitupu. Foleni ya kupandia ndege itakupa makadirio ya awali ya idadi ya abiria, ila usihesabu wiki ya Krismasi.

Marekani, tangu mwaka 1978, hulipa shirika kwa mkataba wa njia mahususi, na Umoja wa Ulaya hutangaza zabuni, hivyo kiasi cha kila njia hujulikana. Kwetu itakubidi uulize. Mwandikie mbunge wako kabla ya kikao cha bajeti cha Aprili, utaje njia moja, na umwombe apate kwa Waziri idadi ya abiria, gharama ya kila safari na nani anafidia pengo.