Anza na malisho, nafaka itafuata: somo la mzunguko wa mazao kutoka Norfolk

Mkulima akitaka kuongeza mavuno, kwanza huulizia mbegu, kisha mbolea ya dukani. Wakulima wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kati ya miaka ya 1600 na 1700 hawakuwa na duka la mbolea. Wengi walilima udongo wa kichanga usioshika rutuba, na bado eneo lao likaja kusifika kwa nafaka. Wao walianza na chakula cha mifugo, na ndiyo maana nawashauri wakulima wenzangu tuwatazame kwa makini.

Hapo awali, sehemu kubwa ya Ulaya ililima kwa kupumzisha ardhi: kila mwaka theluthi moja ya shamba, au hata nusu, iliachwa bila zao. Malisho ya majira ya baridi yalikuwa haba, hivyo mifugo ilikuwa michache. Mifugo michache hutoa samadi kidogo, samadi kidogo huleta nafaka kidogo, na mwenye nafaka kidogo haoni eneo la kutenga kwa malisho. Wakulima walizungukia hapo hapo kizazi baada ya kizazi.

Walioonyesha njia ni Waflanders, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Mashamba yao yalikuwa madogo na watu wengi, kwa hiyo walipunguza sana kupumzisha ardhi, wakapanda tanipu (zao la mizizi minene) na klova (jani la jamii ya mikunde) za kulishia mifugo. Richard Weston, mwenye mashamba kutoka Uingereza, aliyaona hayo kwa macho yake mwaka 1644 na akayaandika. Charles Townshend alipoacha siasa mwaka 1730 na kurudi kwenye mashamba yake ya Raynham, Norfolk, aliipigia debe tanipu mpaka akabandikwa jina la zao hilo. Anastahili sifa, lakini wakulima wa kawaida wa Norfolk walikuwa wakilisha ng'ombe wao tanipu kabla yake.

Mzunguko wenyewe ulichukua miaka minne: ngano, tanipu, shayiri, klova, kisha ngano tena. Tanipu zilipaliliwa kwa jembe, kwa hiyo mwaka wake ulikuwa pia mwaka wa kusafisha magugu. Kondoo walifungiwa kipande kwa kipande ndani ya uzio wa fito, wakala tanipu pale pale shambani, na kinyesi na mkojo vikabaki ardhini bila mtu kubeba toroli. Uzio ulihamishwa, wakaingia kipande kingine. Mbegu za klova nazo zilipandwa ndani ya shayiri ikiwa bado changa. Shayiri ilipovunwa, klova ilikuwa imeshashika ardhi, na hakuna msimu uliopotea.

Hilo la mwisho tunaliweza sana. Anayepanda mbaazi au fiwi ndani ya mahindi anafanya kazi ile ile. Ila maharage ya kawaida huongeza naitrojeni, chakula muhimu cha mimea, kidogo kuliko mbaazi au kunde, kwa hiyo usiyategemee peke yake kurudisha rutuba.

Sababu ya klova kuinua ngano haikujulikana wakati ule. Ilithibitishwa na Wajerumani Hellriegel na Wilfarth mwaka 1886: bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi hunasa naitrojeni ya hewani. Wewe unaweza kulipima jambo hili shambani kwako bila maabara. Mikunde ikianza kutoa maua, chimbua mche taratibu kwa jembe, usiung'oe kwa mkono, maana vinundu vitabaki ardhini. Suuza mizizi, kisha pasua vinundu vichache kwa ukucha. Ndani pakiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wanafanya kazi. Ukiona weupe, ukijani au ukahawia, zao hilo halikusaidii ipasavyo. Muulize afisa ugani kuhusu bakteria wa mikunde wa kuchanganya na mbegu kabla ya kupanda. Wakati wa kuvuna, kata shina na uache mizizi ardhini.

Upandaji wa mistari nao ulipata msukumo enzi hizo. Jethro Tull, mkulima wa Uingereza, alibuni mashine ya kupandia mbegu mwaka 1701, na kuhusu mistari na palizi alikuwa sahihi kabisa. Lakini aliamini kulima na kupalilia kunatosha bila samadi, na hapo alikosea. Samadi ni mali. Ifunike kwa majani au turubai, kwa sababu jua na mvua huondoa sehemu kubwa ya nguvu yake kabla haijafika shambani.

Matokeo yalifika mbali. Mavuno ya ngano kwa ekari yalikuwa karibu mara mbili ya yale ya zama za kati ilipofika mwaka 1800. Watu wa England waliongezeka kutoka kama milioni 5 mwaka 1700 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 1801, huku sehemu ya watu waliohitajika mashambani ikizidi kupungua.

Lakini wapo walioumia, na mtaalamu wa kilimo hana haki ya kuwaficha. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa na kuzungushia uzio ardhi ya wazi na ya pamoja, karibu ekari milioni 6.8. Maskini aliyekuwa na ng'ombe mmoja kwenye malisho ya kijiji aliachwa bila malisho na bila kuni. Arthur Young, mwandishi wa kilimo aliyewahi kuzitetea sana sheria hizo, mwaka 1801 aliandika kwamba nyingi mno ziliwaumiza maskini. Kijiji kinachopanga matumizi ya ardhi leo kiandike kwanza malisho ya pamoja yako wapi na nani ana haki nayo.

Na wewe unayekodi shamba, zingatia mkataba. Huko Norfolk wapangaji wengi walipewa miaka 21, na mikataba mingine ilitaja hata mpangilio wa mazao. Mtu wa msimu mmoja hamwagi samadi atakayoifaidi mwingine. Mwombe mwenye shamba angalau misimu minne, muandikishane mbele ya mashahidi, na mtaje kwenye karatasi msimu upi ni wa mikunde na nani atachukua mabua baada ya mavuno.