Somo: Ukitafuta kwenye folda ya pamoja hupati kitu? Anzia kwenye seva

Kuna ofisi ndogo ya uhasibu ninayoihudumia, kompyuta tisa na seva moja iliyowekwa jikoni, juu ya kabati la vikombe. Siku moja dada wa malipo akanipigia: ankara ya Machi anaiona kwa macho yake ndani ya folda ya pamoja, lakini akiandika jina la mteja kwenye kisanduku cha kutafutia, Windows inamwambia hakuna kitu. Nikaenda, nikajenga upya faharasa kwenye kompyuta yake. Nikasubiri saa mbili. Hola. Nikaijenga tena. Jioni ndipo nilipong'amua kwamba kutwa nzima nilikuwa namtibu jirani wa mgonjwa.

Faharasa ni orodha ambayo Windows huiandaa mapema, ya majina ya mafaili na maneno yaliyomo, ili ukitafuta isilazimike kufungua faili moja moja. Sasa shika hili: orodha hiyo hutengenezwa na mashine ambamo mafaili yanakaa. Kompyuta ya mtumiaji haiifanyii faharasa folda iliyo kwenye diski ya mashine nyingine. Kazi yake ni kuuliza tu. Seva ikiwa na faharasa, jibu hurudi mara moja. Isipokuwa nayo, kompyuta huanza kupekua folda baada ya folda, tena kwa kawaida hutazama majina ya mafaili tu, si yaliyomo ndani. Ndiyo maana dada wa malipo alikosa ankara ile: jina la mteja lilikuwa ndani ya faili, si kwenye jina lake.

Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Hatua ya 1. Pima kwanza. Kaa kwenye seva yenyewe, fungua folda husika, tafuta neno ambalo una hakika limo ndani ya faili fulani. Likikosekana hapo, usihangaike na kompyuta za watu. Likipatikana kwenye seva na likakosekana kwa mtumiaji mmoja tu, hapo ndipo umgeukie yeye.

Hatua ya 2. Huduma ipo na inafanya kazi? Andika services.msc kwenye menyu ya Start, tafuta Windows Search, hakikisha inaendelea na Startup type ni Automatic. Kwenye Windows Server unaweza usiione kabisa. Fungua Server Manager, Add Roles and Features, uongeze Windows Search Service.

Hatua ya 3. Folda imo kwenye orodha? Control Panel, Indexing Options, kisha Modify. Diski ya D, ambako wengi huweka mafaili ya ofisi, haimo mpaka uitie alama mwenyewe. Ukiona maandishi kwamba kasi imepunguzwa kwa sababu mtumiaji yuko kazini, hilo si kosa. Iache ifanye kazi.

Hatua ya 4. Ruhusa. Hapa ndipo penye shughuli. Huduma ya Windows Search inaendeshwa na akaunti ya SYSTEM, yaani akaunti ya Windows yenyewe, si ya mtu. Kwenye ofisi ile kuna mtu mwenye bidii ya usalama aliyefungua Properties za folda kuu, sehemu ya Security, akafuta kila jina asilolifahamu na kubakiza kundi la wahasibu. SYSTEM ikaondoka na hao waliofutwa. Watumiaji walifungua mafaili bila shida, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, lakini mtengeneza faharasa alikuwa amefungiwa mlango.

Irudishe SYSTEM kwenye folda kuu na uipe angalau Read, ishuke hadi folda za ndani. Tahadhari: usitie alama kwenye Replace all child object permission entries. Hiyo inafagia ruhusa maalumu zote za chini, na folda ya mishahara inaweza kubaki wazi kwa kila mtu.

Ukiwa hapo hapo kwenye Properties, nenda General, Advanced, uone kama kisanduku cha Allow files in this folder to have contents indexed kina alama.

Hatua ya 5. Aina ya faili. Indexing Options, Advanced, File Types: chagua Index Properties and File Contents. PDF iliyotoka kwenye skana ni picha tu. Isiposomwa na programu ya kutambua maandishi, haina neno la kutafutwa.

Hatua ya 6. Rebuild, yaani kujenga upya faharasa: Indexing Options, Advanced, Rebuild. Nimeiweka mwisho kwa makusudi, maana wengi huanzia hapa, kama nilivyoanza mimi. Ifanye Ijumaa jioni. Angalia pia idadi: Microsoft wanasema vitu vikizidi 400,000 utendaji huanza kuzorota, na ukomo ni milioni 1. Folda za chelezo za miaka iliyopita zitoe kwenye orodha.

MASWALI

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Sisi hatuna seva ya Windows, tuna NAS, kile kisanduku cha diski kinachounganishwa kwenye mtandao. Hatua hizi zinanihusu?

Jibu: Sehemu kubwa hapana, kiongozi. NAS nyingi zinaendeshwa na Linux na hazijibu ulizo la faharasa la Windows. Tumia kitafutaji cha NAS yenyewe kama kipo. Kwa majina ya mafaili tu, weka programu ya Everything, uongeze folda ya mtandao kwenye sehemu ya Folders na kuipangia muda wa kupitia upya.

Swali: Niliona mahali ujanja wa mklink, amri ya kutengeneza njia ya mkato, unaunganisha folda ya mtandao kwenye Library, mkusanyo wa folda wa Windows. Mbona haukuutaja?

Jibu: Kwa sababu unaidanganya Library, hauidanganyi huduma. Folda itaonekana humo, faharasa haitakuwepo. Kama unataka kweli nakala yenye faharasa kwenye laptopu yako, tumia Always available offline. Toleo la Home halina hiyo, na usiibebeshe folda ya mamia ya gigabaiti.

Swali: Mimi ni mhasibu, si fundi. Mkiirudisha hiyo SYSTEM, je, mtu wa stoo akitafuta "mshahara" ataona mafaili yangu?

Jibu: Hapana, dada. Matokeo huchujwa kwa ruhusa za anayetafuta. Asichoruhusiwa kukifungua hakitamtokea kwenye orodha.

Swali: Fundi, nimefika hatua ya 4 na kweli SYSTEM haimo. Nimeirudisha, nimefanya Rebuild, sasa inapata. Ila nataka kumjua aliyeitoa.

Jibu: Kabla hujaita kikao, kumbuka vizuri nani aliiandaa seva hiyo. Yule mwenye bidii niliyemtaja pale juu ni mimi.