Kufuga Kuku Ndani ya Uzio Badala ya Kuwaachia Wazurure

Kuku anayezurura hujitafutia karibu kila anachohitaji bila mfugaji kujua: huokota wadudu na mbegu, hula majani, humeza vijiwe vya kusagia chakula, hujigaragaza mavumbini, hukimbilia kivuli jua linapopanda, na akidonolewa na mwenzake huondoka akaenda zake upande mwingine. Mfugaji anapoamua kumfungia, iwe kwa ajili ya mwewe, magari, bustani ya jirani au maradhi yanayoletwa na ndege wa porini, huwa amechukua wajibu wa kutoa vyote hivyo kwa mkono wake. Wengi huishia kwenye kujenga uzio, kisha hushangaa mayai yanapopungua na migongo ya kuku inapoanza kubaki bila manyoya. Kwa kweli uzio ndiyo kazi nyepesi. Maelezo haya yanahusu kuku wachache wa mayai wanaolala bandani na kushinda katika uwanja uliozungushiwa wavu, mfumo ambao wataalamu wa mifugo huuita ufugaji nusu huria.

Nafasi

Anza na hesabu ya eneo kabla ya kununua hata msumari mmoja. Ndani ya banda, kuku 3 hadi 4 wa umbo la kawaida hutosha kwa kila mita 1 ya mraba. Uwanjani, mita 1 ya mraba kwa kila kuku ni kiwango cha kuvumilia tu, na kama kuku hawatatolewa nje kamwe ni afadhali kila mmoja apate mita 2 au zaidi. Kwa hiyo uwanja wenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 4 utawatunza kuku 6 vizuri, na kuku 12 utawaweka katika ugomvi wa kila siku. Ikiwa eneo haliwezi kuongezwa, punguza kuku; hakuna dawa wala chakula kinachoziba pengo la nafasi.

Umbo la uwanja nalo lina maana yake. Kuku huwa na ngazi ya ukubwa kati yao, na aliye chini hana silaha nyingine isipokuwa kukimbia na kutoonekana. Mpe mahali pa kukimbilia: gogo, ubao uliosimamishwa kwa ubavu, matawi yaliyoegemezwa, au kichanja kimoja cha kukwea. Vitu hivyo viwe na njia ya kutokea pande zote mbili, kwa sababu kuku aliyebanwa kwenye kona hudonolewa mpaka atoke damu. Ardhi iwe na mteremko kidogo ili maji ya mvua yasituame, na sehemu ya uwanja iwe na kivuli kutwa nzima. Kuku hatoki jasho. Hupoza mwili kwa kuhema na kutanua mabawa, na joto kali linaweza kumwua ndani ya saa chache.

Wavu na mlango

Wavu mwepesi wenye matundu ya pembe sita, ambao ndio watu wengi huununua kwanza, humzuia kuku asitoke lakini haumzuii mbwa asiingie. Matundu yake makubwa pia humpa kicheche au paka nafasi ya kupenyeza mkono na kumvuta kuku aliyesimama kando. Tumia wavu mgumu uliochomelewa, wenye matundu yasiyozidi milimita 13, kuanzia chini hadi angalau sentimita 60 kwenda juu, kisha wavu mwepesi unaweza kufuata hapo. Wanyama wanaochimba huanza kuchimba pale hasa wavu unapokutana na ardhi. Unaweza kuufukia kwa kina cha sentimita 30, ila mimi napendelea kuulaza juu ya ardhi upande wa nje kwa upana wa sentimita 45 hadi 60 na kuukandamiza kwa mawe, kwani mnyama akichimba hukutana na waya, wala hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili akaanzia mbali.

Juu pia pafunikwe. Wavu unatosha kumzuia mwewe, lakini unapitisha kinyesi cha ndege wa porini, na kwa njia hiyo kideri (mdondo) na mafua ya ndege huweza kufika katika uwanja ambao mwenyewe anauona salama. Angalau sehemu penye chakula na maji iezekwe kwa paa lisilovuja. Uzio hauondoi haja ya chanjo ya kideri, kwa kuwa virusi hivyo husafiri pia katika viatu, mikono, trei za mayai na vyombo vya kuazima.

Asiyeweza kufunika juu hukata manyoya marefu ya ncha ya bawa, bawa moja tu, ili kuku akose mizani anapojaribu kuruka. Usikate unyoya mchanga ambao shina lake bado lina damu. Manyoya hayo huota upya kuku anapoyabadilisha, kwa hiyo kazi hurudiwa. Na kumbuka kwamba kuku aliyekatwa bawa hana pa kukimbilia adui anapoingia. Mlango uwe na komeo lisilofunguka kwa kusukumwa, na banda lifungwe kila jioni hata kama uwanja umezungushiwa vizuri kiasi gani.

Sakafu ya uwanja

Majani ya uwanjani hayatadumu. Kuku wachache wanaweza kuyamaliza katika majuma machache na kuacha udongo mtupu, ambao mvua huugeuza matope yaliyochanganyika na kinyesi. Badala ya kupigania majani, tandaza maranda, majani makavu au vipande vya mbao kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, na uongeze kadiri yanavyoliwa na miguu ya kuku. Tupa konzi ya nafaka humo kila alasiri. Kuku watachakura kutafuta punje, na kwa kuchakura huko watakuwa wamepindua matandazo, wamepata mazoezi na wamesahau kudonoana.

Kupima hali ya matandazo hakuhitaji chombo. Chota konzi moja kutoka chini, si juu, uifinye kwa nguvu kisha ufungue kiganja. Ikimeng'enyuka polepole, hali ni nzuri. Ikibaki donge lenye alama za vidole, kuna unyevu uliozidi, na mara nyingi chanzo chake ni chombo cha maji kinachomwagika au paa linalovuja. Halafu chuchumaa mpaka pua yako ifike kimo cha kuku. Harufu kali inayochoma macho ni amonia, na kuku huivuta usiku kucha hata pale mfugaji aliyesimama wima haisikii.

Ukavu huu si suala la usafi wa macho tu. Vimelea vya koksidia, vinavyosababisha kuhara damu, hutoka na kinyesi vikiwa bado haviwezi kuambukiza, na huhitaji unyevu, joto na hewa kwa muda wa siku 1 hadi 2 ili vikomae. Sakafu kavu huvinyima nafasi hiyo. Kuku mchanga aliyejikunyata, manyoya yamemsimama, mabawa yameshuka na kinyesi kina damu, atengwe na atibiwe siku hiyohiyo. Mayai ya minyoo ni sugu zaidi na hukaa udongoni kwa muda mrefu, kwa hiyo mwenye eneo kubwa afanye vizuri kuligawa mara mbili na kupumzisha upande mmoja kwa miezi kadhaa. Matandazo yaliyotolewa ni mbolea nzuri, ila yarundikwe yaoze kwanza, kwani kinyesi kibichi cha kuku huunguza mimea.

Kona moja kavu, chini ya paa, iwe ya kuogea vumbi: sanduku au shimo la kina cha sentimita 20 hadi 30 lenye mchanga au udongo mkavu uliochanganywa na majivu kidogo ya kuni. Hata hivyo endelea kukagua. Mshike kuku, tenganisha manyoya yaliyo karibu na tundu la kutagia na utazame shina za manyoya. Mayai ya chawa huonekana kama vishada vyeupe vilivyogandia hapo. Utitiri mwekundu humwoni mchana, kwa sababu hujificha kwenye nyufa za vichanja na kumpanda kuku usiku kumfyonza damu. Pitisha karatasi nyeupe chini ya kichanja baada ya giza kuingia, na michirizi myekundu itakuambia kama yupo.

Ndani ya banda mambo ni machache: kichanja chenye sentimita 20 hadi 25 kwa kila kuku, kiota kimoja kwa kuku 4 au 5, na matundu ya hewa yaliyo juu ya vichwa vyao wanapolala. Vichanja viwe juu kuliko viota, la sivyo watalala kwenye viota na kuchafua mayai.

Chakula na maji

Hapa ndipo ufugaji wa uzioni unapotofautiana zaidi na ule wa kuzurura. Kuku wa mayai hula takriban gramu 110 hadi 130 kwa siku, na chakula hicho kinatakiwa kuwa na protini ya asilimia 16 hivi na kalsiamu inayokaribia asilimia 4. Mahindi matupu yana protini karibu nusu ya kiwango hicho. Kuku anayezurura huweza kuyala na kujazia kwa mchwa na panzi. Aliyefungiwa hana pa kujazia, kwa hiyo atanenepa na kuacha kutaga. Chakula kamili cha kuku wa mayai kiwe ndicho msingi, na makombo, nafaka na vitafunwa vingine visizidi sehemu moja ya kumi.

Weka vyombo viwili vidogo pembeni. Kimoja kiwe na maganda ya chaza au ya mayai, yaliyokaushwa na kupondwa, ili kila kuku achukue kalsiamu kwa kadiri anavyotaga. Cha pili kiwe na changarawe, kwa sababu firigisi haina meno na bila vijiwe haiwezi kusaga punje wala majani. Majani mabichi yafungwe kifungu na kuning'inizwa kwenye kimo cha kichwa. Yatarudisha rangi ya kiini cha yai, ambayo hupauka kuku wanapokosa majani, na yatawapa shughuli. Nyasi ndefu zikatwe fupi kwanza, maana huweza kujisokota na kuziba kifuko cha chakula shingoni.

Maji ni robo lita kwa kuku kwa siku, na wakati wa joto huweza kufika maradufu. Vyombo vyote viwe kwenye kimo cha mgongo wa kuku ili matandazo yasirushiwe humo.

Kudonoana

Tabia hii huanza kwa unyoya mmoja juu ya mkia. Ikionekana damu, wenzake wote huifuata, kwa hiyo aliyejeruhiwa atengwe mara moja na asirudi mpaka kidonda kikauke kabisa. Kisha tafuta chanzo katika mpangilio huu: msongamano, chombo kimoja cha chakula kinacholindwa na kuku mmoja, upungufu wa protini au chumvi, utitiri, mwanga mkali unaopiga viota. Kumlaumu mdonoaji na kumwondoa husaidia mara chache, kwani mwingine huchukua nafasi yake ikiwa chanzo kimebaki.

Siku za kuwahamishia

Kuku waliozoea kuzurura wahamishwe usiku, wakiwa wamelala, kisha wafungiwe bandani siku chache kabla ya kufunguliwa uwanjani, ili wajifunze pa kulala na pa kutaga. Watatembea kandokando ya wavu wakilia, na mayai yanaweza kupungua kwa wiki moja au mbili. Usiwafungulie kwa huruma katika kipindi hicho, kwa sababu utawafundisha kwamba kelele hufungua mlango. Ongeza majani, tawanya nafaka kwenye matandazo mara mbili kwa siku, na okota mayai mapema ili yasivunjike yakaliwa.

Kuku mgeni atakayeletwa baadaye akae peke yake, mbali na wenzake, kwa muda wa wiki 2 hadi 4, na ahudumiwe baada ya wenyeji, si kabla yao. Hatua inayofuata ni kumweka upande wa pili wa wavu ambako wataonana bila kugusana kwa siku kadhaa. Ni bora kuingiza wawili kwa pamoja kuliko mmoja, na siku ya kuwachanganya uongeze chombo cha pili cha chakula na cha maji upande wa mbali wa uwanja, uviache hapo mpaka wageni waanze kupanda kichanjani pamoja na wengine.