Dagaa wa mawese kama walivyopikwa jikoni kwa bibi, Ujiji

Wengi wanaoonja mawese kwa mara ya kwanza na kuyakataa hawana kosa, kwa kuwa mara nyingi wamepikiwa mafuta ambayo hayakuiva. Nililelewa Ujiji na bibi aliyepika dagaa wa mawese karibu kila wiki, na sikuwahi kumwona akiiharakisha hatua ya kuivisha mafuta, hata wageni walipokuwa wamekwisha kunawa mikono.

Kwa walaji watano, andaa robo kilo ya dagaa wakavu, vijiko vinne vikubwa vya mawese, vitunguu maji viwili, nyanya nne zilizoiva, ngogwe sita, ndimu moja, pilipili na chumvi. Chagua dagaa walioanikwa kwenye chanja badala ya mchangani, wenye rangi ya fedha. Waliogeuka manjano wameanza kuchacha. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwavuta dagaa kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwa kali taa hizo hazifui dafu, ndiyo maana bibi alikuwa akiutazama mwezi kabla ya kupanga mboga ya wiki.

Hatua ya kwanza: kuwasafisha dagaa
Bana kichwa kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha kivute kuelekea tumboni ili utumbo utoke pamoja nacho. (Kazi hii tulipewa sisi watoto, nasi tuliipunguza kwa kula.) Wakaange bila mafuta kwa dakika chache hadi wakauke na kunukia, halafu uwaloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika tano. Watoe kwa kuwachota kwa mkono. Ukimimina bakuli zima kwenye chujio, mchanga uliokuwa umetulia chini utawarudia. Rudia kwa maji mapya mpaka chini ya bakuli pawe safi.

Hatua ya pili: kuivisha mawese
Mawese yakiwa yameganda, weka chupa juani kwanza. Yamimine kwenye sufuria kavu juu ya moto wa wastani. Yatatoa povu na kutatarika, kwa sababu mawese ya kukamuliwa nyumbani hubaki na maji kidogo ndani yake, nawe usitie chochote mpaka povu litulie na ile harufu mbichi iishe. Bibi alijaribu kwa kipande kimoja cha kitunguu: kikizama na kunyamaza, alingoja, kikielea huku kikichemka pembezoni, alianza kupika. Hata hivyo, usiyaache mpaka yatoe moshi mzito, kwa maana wekundu wake unatokana na karotini, ambayo huharibika kwa moto mkali. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilitoka kidogo kwenda kufunga mlango wa banda la kuku, na niliporudi mafuta yalikuwa yamepauka na jiko limejaa moshi. “Mjukuu wangu,” bibi alisema, “hayo sasa tupake bawaba.” Jioni hiyo tulikula dagaa wa kuchemsha kwa chumvi na ndimu.

Hatua ya tatu: kuunga
Kaanga vitunguu hadi vilainike, tia nyanya na chumvi, na ufunike mpaka nyanya zirojeke. Ongeza ngogwe zilizokatwa vipande vinne na kikombe kimoja cha maji. Zikikaribia kuiva, tia dagaa na pilipili nzima isiyopasuliwa, kisha uache vichemke kwa dakika kumi bila kukoroga sana, wasije wakavunjika. Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua.

Pakua kwa ugali wa muhogo, uliosongwa kwa nguvu hadi uvutike na kung'aa. Ukiweza, bakiza kidogo kwa ajili ya asubuhi, ukipashe moto hadi kichemke. Kwetu kiporo hicho kiligombaniwa kabla hakijafika jikoni, kwa kuwa mawese huganda usiku kwenye kingo za sufuria, na aliyeamka wa kwanza ndiye aliyeyakwangua kwa tonge la ugali baridi.