Namna ya kuandika habari za maji mpaka mtu asome hadi mwisho

Ukitaka kuandika sayansi ya maji na watu wasome, wacha kabisa kuanza na "maji ni uhai", hiyo imeandikwa kwenye kuta za shule kila mahali na sijaona mtu akisimama kuisoma. Anza na swali ambalo watu tayari wanajiuliza. Hapa Lamu swali liko wazi: mbona kisima kilichokua na maji matamu sasa kina chumvi na cha jirani bado kizuri? Malindi wana lao, mbona bahari inageuka nyekundu hata kama mjini hakujanyesha? (Ni Mto Sabaki unabeba udongo wa bara, kutoka huko juu unakoitwa Athi.) Swali moja, makala moja. Ukichanganya chumvi, mikoko, plastiki na bandari kwa pamoja msomaji anafunga simu anaenda zake kunywa kahawa.

Alafu hilo jibu ulielewe wewe mwenyewe kwanza, usinakili ripoti. Tuchukue hilo la chumvi. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya mchanga vya Shela maji hayakimbii juu juu, yanazama, yanashuka mpaka yanakutana na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, na hapo yanakaa juu yake kwa sababu ni mepesi, manake lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mtu kivyake, mmoja mwisho wa miaka ya 1880 na mwenzake 1901, walipiga hesabu wakaona kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina karibu mita 40 nyingine chini yake. Hapa msomaji anashtuka, na hapa ndo mwandishi akae asikimbie. Kama mita moja juu inashikilia 40 chini, basi mtu akivuta pampu akashusha maji nusu mita tu, kwa hesabu hiyohiyo chumvi imepata nafasi ya kupanda mita 20. Haipandi siku hiyo, inachukua muda, na mpaka wenyewe kati ya maji matamu na ya chumvi si mstari ni maji yaliyochanganyika, lakini palepale chini ya pampu inavutwa juu, ndo maana pampu moja kubwa kwenye kisima kirefu inaharibu haraka kuliko visima vingi vifupi vinavyovutwa polepole. Ukifika hapo huna haja ya kumwambia mtu "tuhifadhi vilima vya Shela", ameshaelewa kwa nini ukijenga juu yake au ukichota mchanga wake unagusa ndoo yake.

Mfano unasaidia lakini tia mmoja tu. Mimi ningesema mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, alafu hapohapo nimwambie mfano unaishia wapi: mafuta hayachanganyiki na mchuzi, maji matamu na ya chumvi yanachanganyika, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi kesho, kinasubiri mvua, pengine miaka. Mifano isiyowekewa mpaka ndo inayozaa uvumi.

Namba nazo zishushe mpaka kwenye mtungi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hii ikariri. Sasa chukua bati la nyumba la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 30 usiku mmoja: lita 1,440. Toa kama asilimia 20 ya kumwagika na yale ya mwanzo yanayosafisha vumbi na mavi ya kunguru, zinabaki kama 1,150, yaani mitungi 57 ya lita 20, na mtu anaelipa punda amletee maji atapiga hesabu mwenyewe bila wewe kumsukuma. Makuti usiyahesabu hivyo, yanatoa maji machafu.

Ukienda kupima, kile kikalamu cha kupimia chumvi kinatosha kwa makala, ila andika na saa na hali ya bahari. Kisima cha karibu na pwani kinafuata maji kujaa na kupwa, na bamvua (siku bahari inajaa na kupwa sana) si sawa na maji mafu (siku inajaa na kupwa kidogo), kwa hivyo ukipima mara moja ukakimbilia kuandika "chumvi imeongezeka" injinia wa kampuni ya maji atakucheka, na atakua na haki. Na usitaje kisima ni cha nani. Sema mtaa basi, manake kuna mtu anauza maji pale na wewe hukupima cha kila mtu.

Watu wa kuongea nao: wenye punda, akina mama wanaochota, mafundi wa visima, na wazee wa mskiti, manake mskiti una kisima na wao wanakumbuka kilivyokua. Ingia na salamu, kaa, maswali baadae.

Historia pia inavuta watu lakini hapa wengi wanateleza. Utasoma Gedi, mji wa kale karibu na Malindi, ilihamwa kwa sababu visima vilikauka, na Takwa, magofu mengine kule kisiwa cha Manda, kwa sababu maji yalichachuka chumvi. Inawezekana, lakini Gedi inatajwa pia vita na uvamizi, na sheikh wa Malindi kuhamia Mombasa na Wareno miaka ya 1590. Ukiandika sababu moja tu umeandika hadithi. Weka zote, sema ya maji ndo unayoifuatilia.

Na usisahau vya nyumbani, watu wanapenda kuona kwao. Birika za nyumba za kale za Lamu, yaani matangi ya maji ya kujengewa, zilikua na visamaki ndani vya kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli za Kichina zimejengewa chini ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Aya moja ya hiyo inafundisha zaidi ya kurasa za usafi wa maji. Jabia za kule Pate, matangi ya kukinga maji ya mvua, hivyohivyo, nenda ukaangalie sakafu inavyokinga mvua na kuielekeza chini.

Rasimu ikiisha msomee mtu anaebeba maji, kwa sauti. Akiuliza "sasa hapo wamaanisha nini", hapo andika upya. Na itoe mwezi wa Machi, kabla masika haijashika Aprili na Mei, ili anaesoma apate wakati wa kupanda bati kusafisha mfereji.