Haibiskasi kwenye ndoo, ghorofa ya pili

Haibiskasi yangu ya kwanza, ule mti mdogo wa maua tunaoupanda nyuani, niliiua kwa maji. Niliinunua kwenye kitalu cha kando ya barabara, nikaiweka balkoni karibu na cherehani yangu, na chini ya chungu nikatandika sahani ili maji yasimchuruzikie jirani wa chini. Ilikuwa Aprili, masika yameshika Dar es Salaam. Kila asubuhi niliimwagilia, mvua nayo ikiongeza, na ile sahani haikukauka hata siku moja. Majani yalipoanza kugeuka njano nikadhani ina kiu, nikazidisha. Mwisho nikaibeba na chungu chake mpaka kwa aliyeniuzia. Aliushika mti shinani, akauvuta, ukatoka bila ubishi: mizizi ya kahawia, laini, inanuka tope la mtaro. Akaniambia, "Dada, huu hukuunyima maji, umeuzamisha."

Sasa nina mbili, na ninamwagilia kwa kidole. Nachomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Nikikuta unyevu, naacha, hata kama juu pamekauka. Nikikuta pakavu, namimina polepole mpaka maji yatokee kwenye matundu ya chini, nasubiri kama nusu saa, kisha namwaga yote yaliyobaki kwenye sahani. Hayo ya sahani msiyapuuze. Yanaozesha mizizi, na ndimo mbu wanamotagia, wale wanaouma mchana na kueneza homa ya dengue. Jiji hili lilipata mlipuko wake mwaka 2014, likapata tena 2019. Nina wajukuu wanaocheza balkoni hiyo hiyo, kwa hiyo sahani yangu hailali na maji.

Kwa kidole hicho utaona mwenyewe jinsi mahitaji yanavyobadilika. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua likiwa kali, yangu hunywa kila asubuhi, na kuna siku nairudia jioni. Juni na Julai, kipupwe kikiingia, siku mbili hadi tatu hupita bila kuigusa. Anayemwagilia kikombe kimoja kila siku mwaka mzima ataikausha Februari na kuiozesha Julai.

Angalia pia maji yenyewe. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi. Ukiyatumia mfululizo utaona kingo za majani zinaungua na kuwa za kahawia. Sisi maji ya bomba yakikatika tunanunua ya kisima, lakini ya maua nakinga ya mvua kwenye madumu yenye vifuniko. Kama huna jinsi ila ya kisima, basi mvua kubwa ikinyesha itoe ndoo nje, ilowe sana, maji yapite na kuisukumia chumvi nje.

Ndoo yangu ni ile iliyokuwa na rangi ya kupaka ukuta, lita 20, nimeitoboa matundu manane chini kwa msumari wa moto. Iwe nyeupe au ya rangi ya kupauka, kwa sababu nyeusi ikipigwa na jua la saa nane udongo unachemka na mizizi inaungua. Udongo nachanganya makopo mawili ya udongo wa shambani, kopo moja la samadi iliyooza mpaka haina harufu, na kopo moja la mchanga wa kujengea. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Makumbi ya nazi yaliyopondwa yanafaa sana kushika unyevu, ila mengi huwa yamelowekwa baharini, kwa hiyo yaoshe mara tatu nne kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuyachanganya.

Jua: muda wa saa tano au sita kwa siku, si chini ya hapo. Sebuleni itakupa majani tu.

Watu hunijia na lalamiko moja kuliko yote: "Inatoa vitumba, halafu vinadondoka kabla ya kuchanua." Kwanza tuelewane kwamba ua la haibiskasi kwa kawaida huishi siku moja. Linafunguka asubuhi, jioni limejikunja, kesho limeanguka. Huo si ugonjwa. Lakini kitumba kibichi kikidondoka, mti umeshtuka. Mara nyingi uliachwa ukakauka mpaka majani yakalegea, kisha ukanyweshwa kwa pupa. Au umehamishwa. Mwaka jana nilizungusha ndoo ili upande wa ndani nao upate jua, nikapoteza karibu vitumba vyote ndani ya wiki. Ikishaanza kutoa vitumba, iache palepale.

Mbolea ni kidogo kidogo. Mimi naweka kijiko kimoja cha chai cha NPK ya 17-17-17 (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiwango sawa) kwa ndoo, mara moja kwa mwezi, naitawanya mbali na shina, juu ya udongo ambao tayari una unyevu. Miezi ya baridi naacha. DAP, mbolea ya kupandia ambayo wakulima wanaiamini shambani, kwenye ndoo ya haibiskasi ni kosa. Fosforasi yake ni nyingi, inajilimbikiza, mti unashindwa kuchukua madini ya chuma, na majani machanga yanatoka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Na ukizidisha yurea, mbolea ya naitrojeni, utapata kichaka kizuri kisicho na ua.

Wadudu nao. Adui mkubwa ni vidung'ata, wale weupe kama vipande vya pamba, wanaojificha pale jani linapoungana na tawi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, tafuta, vidung'ata wapo. Sisimizi wanawalinda kwa sababu wanalamba utomvu mtamu unaotoka kwa vidung'ata. Mimi nawafuta mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti, halafu jioni napulizia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, hasa chini ya majani. Narudia baada ya siku tano, mara tatu. Ukipulizia mara moja ukaridhika, mayai yataanguliwa na utaanza upya. Bamia ni ndugu wa haibiskasi, kama zilivyo choya na pamba, na wadudu wao wengi ni haohao. Nilipokuwa na bamia kwenye ndoo ya pembeni nilikuwa nawalisha tu, nikaihamishia mwisho wa balkoni.

Kupogoa kunawatisha watu, na ninawaelewa, maana inauma kukata tawi lenye afya. Lakini maua hutoka kwenye matawi machanga. Usipokata, mti unarefuka, unakuwa na vijiti chini na ua moja kileleni. Mwishoni mwa Agosti nakata theluthi moja ya kila tawi, kwa mkasi mkali niliousafisha kwa spiriti, juu kidogo ya jicho (pale tawi linapochipukia) linalotazama nje. Vuli ikifika umejaa vitumba. Mkasi wa kitambaa siutumii kwa kazi hii kabisa.

Vijiti ulivyokata usivitupe. Chukua vyenye unene wa penseli, urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini, acha mawili juu. Vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini. Baada ya wiki nne hadi sita vuta taratibu. Kikikushikilia, kina mizizi.

Ile ya pili ninayoitunza ni ya maua yanayoning'inia. Petali zake zimekatikakatika kama matamvua, zimejikunja kwenda juu, na katikati unatoka uzi mrefu unaocheza na upepo. Kwa jina la kitaalamu ni Hibiscus schizopetalus. Ile nyekundu tuliyoizoea kwenye nyua ililetwa kutoka Asia, lakini hii kwao ni hapahapa pwani, kuanzia Kenya, Tanzania mpaka kaskazini mwa Msumbiji, na inaniuma kuona wengi wetu hatuijui. Matunzo ni yaleyale, ila inavumilia kivuli zaidi, na matawi yake ni membamba, yanainama. Usiyafunge kwenye fimbo yasimame. Nyanyua ndoo juu ya stuli au ukingo imara, uyaache yashuke, maua yapate nafasi ya kuning'inia.